Bomu Likiibuka Uwanjani, Nani Kashinda?

Mwaka 2008 mjini Las Vegas, mashindano ya EVO, makubwa kuliko yote ya gemu za kupigana, yalichukua Super Smash Bros. Brawl na kuruhusu kitu ambacho wachezaji wengi wa mashindano walikuwa wamekwisha kukipiga marufuku. Zana mbalimbali, zinazoitwa vitu, ziliachwa ziibuke uwanjani katikati ya pambano. Waliopinga walisema huko ni kumkabidhi ushindi aliyebahatika. Waliotetea walijibu kwamba kujua kutumia silaha uliyoiokota nako ni ufundi. Ubishi huo haujaisha hadi leo, na naamini pande zote mbili zimeliacha swali lenyewe.

Smash ilizaliwa mwaka 1999 katika Nintendo 64, kazi ya Masahiro Sakurai na wenzake wa HAL Laboratory. Humo hushindi kwa kummaliza mpinzani afya, bali kwa kumrusha nje ya uwanja. Kadiri anavyopigwa ndivyo anavyozidi kurushika. Vitu viliwekwa ili mgeni naye apate nafasi mbele ya mzoefu, na watu wanne sebuleni wafurahi pamoja.

Lakini asiseme mtu kwamba vitu havina ufundi. Rungu la besiboli linaweza kumtoa mtu kwa pigo moja, ila kulizungusha kwa nguvu zote huchukua muda, na mpinzani aliye macho hukuadhibu kabla halijamfikia. Kitu kilichorushwa kinaweza kudakwa hewani na kurudishwa kwa mwenyewe. Anayeitawala sehemu kubwa ya uwanja ndiye huvifikia vingi.

Tatizo lilikuwa kwingine. Katika Melee, toleo la Smash la mwaka 2001, makreti, mapipa na kapsuli vilikuja pamoja na vitu vingine, wala havikuweza kuzimwa peke yake. Baadhi vililipuka vikipigwa, na kwa macho hukuweza kujua kipi. Mchezaji alikuwa amekwisha kubonyeza kitufe cha kushambulia, kapsuli ikaibuka mbele ya ngumi yake, ikalipuka, naye akaruka nje. Hapo mtu anajifunza nini? Hakuna. Wachezaji wakaona heri kuzima vitu vyote.

Hata hivyo, bahati haikutoka. Peach, binti mfalme wa gemu za Mario, hung'oa figili ardhini hata vitu vikiwa vimezimwa. Nyingi ni za kawaida, chache zinauma zaidi, na mara adimu hutoka bomu. Adam Lindgren wa Uswidi, maarufu kama Armada, bingwa wa Melee katika EVO ya 2015 na ya 2017, alijijengea jina kwa Peach, na hakuna anayemwita mtu wa bahati. Sababu ni kwamba figili ikishatoka, wote wawili wanaiona. Mmoja anaamua airushe lini, mwingine anaamua akwepe vipi. Ni kama karata: mgawo ni wa bahati, uchezaji ni wa kwako.

Tofauti ninayoisisitiza ndiyo hiyo. Bahati inayotangulia uamuzi humpa mchezaji fumbo jipya la kufumbua, na fundi hung'aa hapo. Bahati inayokuja baada ya uamuzi, bila dalili wala njia ya kuikwepa, humnyang'anya alichokwisha kukitenda sawasawa. Katikati ya bahati hizo mbili yuko Mr. Game & Watch, mhusika mwingine wa Smash, ambaye nyundo yake hutoa namba 1 hadi 9, kila namba na nguvu yake. Huyo kaichagua kamari kwa hiari, na mpinzani anaweza kuikwepa nyundo. Sioni dhuluma hapo.

Kwa hiyo mwandaaji wa mashindano asitosheke kuuliza kama bahati ipo. Aulize inaingia wakati gani, na kama aliye mbele yake ana nafasi ya kuijibu. Avipitie vitu kimoja kimoja, kwa kuwa gemu zenyewe zinaruhusu kuchagua vilivyo vingi, na aongeze idadi ya raundi ili ajali moja isiamue bingwa. Aliyeshindwa anastahili kuondoka akijua alikosea wapi na kesho afanye nini. Kitu kinachomwachia elimu hiyo kibaki uwanjani, kisichomwachia, kizimwe.