Kitoweo cha kware: Uliza kwanza ndege alikufaje

MWEZI wa Julai ukifika, msomaji, hata Kisumu tuliyoizoea kwa joto huwa na asubuhi za kujifunika shuka hadi masikioni. Kwa vijana wa Obunga wa miaka ile, baridi hiyo haikuwa sababu ya kulala. Ilikuwa dalili kwamba nafaka zimekomaa na kware wameshuka.

Siku hizi Obunga inajulikana zaidi kwa mgongo wazi, yale mabaki ya mbuta kutoka viwandani ambayo akina mama huyakaanga kando ya njia, nawe ukipita tu nguo zako zinakwenda na harufu hadi nyumbani. Lakini kabla nyumba hazijasongamana hivi, mashamba ya wimbi na mtama hayakuwa mbali na mlango, na penye nafaka hapakosi kware, ambaye Waluo humwita aluru.

Haikuwa safari ya mtu mmoja. Mlitoka watatu au wanne kabla ya mapambazuko, mmoja kabeba vikapu, mwingine vitanzi, na yule mdogo kabisa kabeba lawama za wote.

Bunduki haikuwepo. Silaha yenu ilikuwa kware mwenyewe, aliye hai, aliyefugwa nyumbani kwa nafaka. Mlimtia ndani ya kikapu kidogo kilichosukwa, kisha vikapu mkavitundika kwenye mti mrefu uliosimamishwa shambani. Alfajiri ndege huyo alianza kuita. Wenzake, ambao husafiri usiku, walimsikia wakashuka, na huko chini vitanzi vilikuwa vimewangoja katika vijia vilivyofyekwa majanini. Kware hupenda kutembea kuliko kuruka, na hapo ndipo anaponaswa. Ninyi kazi yenu ilikuwa kunyamaza tu. Jaribu kuwanyamazisha wavulana wanne wenye miguu iliyolowa umande, uone kama kuna kazi ngumu kuliko hiyo!

Mkifika nyumbani, mambo yote yalikuwa mikononi mwa nyanya. Kware hatoshi kujaza kiganja, na ngozi yake ni nyembamba, kwa hiyo alinyonyolewa taratibu angali na joto, kisha akapitishwa juu ya moto ili malaika yaliyobaki yaungue. Nyanya alimpasua chini, akatoa matumbo akijihadhari asitumbue nyongo, maana tone moja laharibu sufuria nzima. Maini yaliwekwa kando. Firigisi ilipasuliwa, mchanga ukatolewa na ule utando wa ndani ukabanduliwa. Baada ya chumvi, ndege aliwekwa juu ya makaa hadi akauke kidogo, ndipo akaingia chunguni pamoja na kitunguu, na mwishoni samli. Aliliwa kwa ugali wa mtama, mifupa na yote.

Kuna jambo moja ambalo nyanya hakulikosa. Alikipasua kile kifuko cha shingoni anamohifadhi ndege chakula chake, akatazama. Wimbi, mtama, mbegu za nyasi. Alijua ndege amekula nini, na alijua nani amemtega na wapi.

Je, wewe unayeletewa nyama ya ndege wa mwituni mlangoni leo, unajua hayo?

Nauliza kwa sababu ya yaliyogunduliwa Bunyala, kaunti ya Busia, karibu na mahali mto Nzoia unapomwaga maji ziwani. Katika mashamba ya mpunga ya huko, mtafiti wa ndege Martin Odino alishuhudia wawindaji wakitumia Furadan, dawa ya kuulia wadudu wa mimea. Huitia ndani ya konokono, chakula cha korongo domo-wazi, kisha humfunga korongo aliye hai shambani ili wenzake wadhani pana usalama. Ndege wanaokuja kwetu kuikimbia baridi ya Ulaya nao huangukia humo humo. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo.

Ndege hao huuzwa na kuliwa. Wapo wanaoamini kwamba ukitoa matumbo na kuchoma nyama sawasawa, sumu imekwisha. La hasha! Sumu ya Furadan hushambulia mishipa ya fahamu. Mtu hutokwa mate, hutetemeka na kupumua kwa shida, na moto wa jikoni si dawa ya kutegemea. Kampuni ya FMC ya Marekani, iliyokuwa ikiitengeneza, ilitangaza mwaka wa 2009 kwamba inaiondoa katika soko la Kenya, lakini ndege waliendelea kuuawa kwa sumu hata baada ya hapo.

Tena sheria nayo ipo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka wa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikakataza waziwazi hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani. Kwa hiyo, kijana, usiichukue makala hii ukaenda nayo Riat kutega.

Ukiwa na hamu, tafuta kware wa kufugwa kwa mfugaji mwenye kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori. Bila shaka unakumbuka ule wazimu wa mayai ya kware mwishoni mwa 2013, kila mtu akijenga vizimba, kabla bei haijaporomoka mwaka uliofuata na wengi kubaki na ndege wasio na mnunuzi. Mnunue akiwa hai, umchinje mwenyewe na ukipasue kile kifuko cha shingoni. Utakuta chakula cha kuku cha dukani. Huiva upesi kuliko yule wa shambani, tena ana mafuta zaidi, ila nyanya angelalamika kwamba mifupa yake haina cha kutafuna.