Matofali ya Zamani, Ukuta Mpya wa Bustani

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya rundo la matofali. Vijiji vingi hapa Kwanza vina rundo kama hilo. Nyumba ya zamani imeanguka, au ghala limebomolewa, na matofali yamebaki pale yakiota nyasi. Kila usiku mawili matatu yanatembea. Baada ya mwaka hakuna kitu.

Sisi tulipewa rundo la ghala la mahindi. Tukakubaliana kujenga ukuta mdogo wa bustani ya maua, mbele ya nyumba tunapokutania. Wengine walinung'unika: "Ati maua? Tutakula maua?" Swali ni zuri. Lakini mahali pale mvua ilikuwa ikibeba udongo wote mpaka barabarani, na wazee wakija mkutanoni hawana pa kukaa. Ukuta wa kimo cha goti unazuia udongo, unapamba, na ni benchi pia.

Lazima tuseme ukweli: ukuta wetu wa kwanza ulianguka. Tulijenga mwezi wa Mei mvua ikinyesha, msingi tukauparuza tu, na matofali tukatia yoyote yaliyokuja mkononi. Mwezi wa Julai tuliamka tukaupata umelala chini. Tulishukuru kwamba ilikuwa usiku, kwa sababu mchana watoto hukaa pale pale. Hapo tukajua kwamba ukuta wa maua unaweza kuumiza mtu kama ukuta mwingine wowote. Basi tukaanza upya, na hivi ndivyo tulivyofanya.

1. Ulizeni kwanza ni mali ya nani

Rundo lina mwenyewe. Kama ni la shule, kanisa au serikali, ombeni ruhusa kwa barua na mweke nakala katika faili ya kikundi. Nyumba nyingine ni za historia. Walowezi Wazungu walianza kufungua mashamba Trans Nzoia kwa wingi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na reli ilifika Kitale mwaka 1926. Majengo yaliyotangazwa kuwa turathi yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya mwaka 2006. Mkiwa na shaka, ulizeni Makumbusho ya Kitale kabla ya kugusa tofali.

2. Kuchagua na kusafisha

Kama mota ya zamani ni ya udongo au chokaa, itatoka kwa panga kuukuu au patasi. Kama ni ya simiti, msishindane nayo sana, tofali litavunjika kabla ya mota. Vipande vilivyovunjika msitupe, vitatumika chini ya maua. Fungeni kitambaa puani na mlinde macho.

Sasa pimeni kila tofali:
- Gonganisheni mawili. Likilia kama chuma, ni zuri. Likitoa sauti ya bubu, halikuiva.
- Likwaruzeni kwa msumari. Likichimbika kama udongo, wekeni kando.
- Yenye shaka yalaze ndani ya maji usiku mmoja. Linalomeguka asubuhi halifai.

Hapa ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Tofali ambalo halikuiva hunywa maji na kurudi kuwa udongo. Katika nyumba ya zamani huenda lilikuwa upande wa ndani, halikuwahi kuona mvua.

3. Hesabu

Tuseme ukuta wenu una urefu wa mita 10 (futi 33 hivi), kimo cha futi moja na nusu, na unene wa tofali moja zima, yaani inchi 9. Mkitumia matofali ya inchi 9 kwa 4 kwa 3 hivi, mtahitaji kama 800, pamoja na safu mbili za chini ya ardhi na akiba kidogo. Simiti ni mifuko 6 hivi ya kilo 50, kwa msingi, mota na kifuniko. Msipandishe zaidi ya kimo hicho. Ukuta mrefu unaozuia udongo ni kazi ya fundi aliyesomea.

4. Msingi

Fanyeni kazi wakati wa kiangazi, Desemba mpaka Februari. Chimbeni mtaro wa upana wa futi moja na nusu na kina cha futi moja, mpaka mkute udongo mgumu. Kama ni udongo mweusi unaopasuka jua likiwaka, chimbeni zaidi au mhamie mahali pengine. Mwageni konkriti ya inchi 6: karai moja ya simiti, tatu za mchanga, sita za kokoto. Iache ikae siku tatu, mkiimwagia maji.

5. Kujenga

Loweni matofali kwanza. Tofali kavu hunyonya maji ya mota, nayo mota haitashika. Mota ni karai moja ya simiti kwa sita za mchanga safi wa mto. Msidhani mkiongeza simiti ukuta utakuwa bora. Mota ikiwa ngumu kuliko tofali, linalopasuka ni tofali.

Safu ya kwanza pangeni matofali mawili ubavu kwa ubavu. Safu ya pili yageuzeni, kila tofali livuke unene wote wa ukuta. Endeleeni hivyo, na kiungo kisikae juu ya kiungo. Fungeni uzi, na kila safu mpime kwa pima maji. Katika safu ya kwanza juu ya ardhi, acheni kiungo kimoja cha wima bila mota kila baada ya futi tatu, ili maji yapate njia. Kwa ndani, mbele ya matundu hayo, wekeni kokoto na vile vipande vilivyovunjika.

Mapambo ni bure. Matofali yaliyoungua sana yakawa meusi myapange katikati ya mekundu, moja baada ya mawili. Uso mzuri uangalie nje. Hakuna haja ya lipu wala rangi.

Juu wekeni kifuniko cha konkriti cha inchi 2, kizidi ukuta kwa inchi moja kila upande, ili mvua isiingie ndani ya matofali. Funikeni ukuta kwa magunia mabichi siku saba. Udongo wa maua mtie baada ya wiki mbili.

Faida yake

Matofali mapya yangechomwa kwa kuni, na kuni zinatoka kwa miti yetu. Mto Nzoia unapata maji yake Cherangani na Mlima Elgon, unapita Webuye mpaka Ziwa Victoria. Miti ikiisha huku juu, ndugu zetu wa Bungoma wanaona shida pia. Kila tofali la zamani mnalolitumia tena ni tofali ambalo halikuchomewa kuni.

Ukuta wetu wa pili sasa umepita misimu miwili ya mvua. Yule aliyeuliza habari ya kula maua ndiye anayeyamwagilia. Kila Desemba tunaukagua, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tumekwisha kuujenga mara mbili.

Ya kujadili katika kikundi:
- Kwetu kuna rundo gani linalopotea bure, na mwenyewe ni nani?
- Mvua inabeba udongo wetu wapi?
- Nani kati yetu ni fundi, na nani yuko tayari kujifunza kwake?

Mkijaribu, tuandikieni. Hata ukianguka, tuandikieni.