Sauti Inayopita Ukutani: Magitaa ya Besi na Masikio ya Komarock

Gitaa la besi ni chombo ambacho wakazi wa Eastlands jijini Nairobi hukisikia kila siku na kukitaja kwa nadra. Katika Komarock, mtaa uliokaa kando ya Barabara ya Kangundo ukipakana na Kayole, sauti yake hutoka katika kumbi za makanisa, katika spika za matatu na, mara nyingi kuliko wenye nyumba wangependa, kupitia ukuta wa jirani. Lakini msikilizaji akiulizwa ni nini kilichomtikisa kichwa, atamtaja mwimbaji au mpiga kinanda. Hata wapigaji wenyewe, wanapolinganisha magitaa, huanza na jina lililoandikwa juu ya shingo na bei iliyobandikwa, ilhali mambo yanayoamua sauti ni mengine kabisa, na baadhi yake hayauzwi pamoja na gitaa: mahali ilipokazwa pikapu, umri wa nyuzi, mkono wa mpigaji na ukumbi utakaoipokea sauti hiyo.

Pikapu inayozungumziwa hapa si ile inayoleta mboga sokoni alfajiri, ingawa jina ni moja. Ni sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kama unywele, mara elfu kadhaa, kisha zikakazwa chini ya nyuzi za chuma. Uzi unapotetemeka juu ya sumaku hizo huzalisha umeme hafifu ndani ya waya, na umeme huo hupita katika kebo hadi kwenye amplifaya, yaani kifaa kinachoukuza kabla haujafika kwenye spika. Uzi, hata hivyo, hautetemeki kwa namna moja katika urefu wake wote. Karibu na daraja, kile kipande cha chuma kinachozishikilia nyuzi kwa upande wa chini, hutikisika kidogo na kwa ukakamavu, hivyo sauti inayonaswa hapo huwa kavu na yenye makali. Kadiri mtu anavyopanda kuelekea shingoni, mtikisiko hupanuka na sauti hunenepa. Ndiyo maana kuihamisha pikapu kwa upana wa vidole vitatu huweza kulibadilisha gitaa kuliko kubadilisha mbao lililochongwa nazo, jambo ambalo wauzaji wa mbao za bei ghali hawalisemi sana.

Kabla ya gitaa hili kuenea, kazi ya besi ilifanywa na dabal besi, ala kubwa ya mbao inayosimama kama mtu na ambayo bado ina heshima yake katika vikundi vya taarabu vya Zanzibar. Mmarekani Leo Fender alianza kuuza gitaa la besi liitwalo Precision mwaka 1951, akalipa jina hilo kwa sababu shingo yake ilikuwa na freti, yaani vipande vyembamba vya chuma vilivyolala kukatiza shingo, vinavyomwezesha mpigaji kupata noti sahihi bila kubahatisha mahali pa kubonyeza. Mwaka 1957 pikapu ya gitaa hilo iligawanywa vipande viwili, kimoja cha nyuzi mbili nene na kingine cha nyuzi mbili nyembamba, vikiwa vimefungwa waya kwa mielekeo inayofuta mngurumo wa umeme. Mwaka 1960 likafuata gitaa la Jazz, lenye pikapu mbili zilizonyooka, moja karibu na daraja na nyingine katikati, kila moja na kidhibiti chake cha sauti.

Habari ya mngurumo huo ina uzito wake katika kumbi za Eastlands. Umeme wa Kenya hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde, na pikapu ya koili moja, yaani mzingo mmoja wa waya, ikiwa karibu na taa za mirija au nyaya zisizofikishwa ardhini ipasavyo, huunasa mzunguko huo na kuutoa kama sauti. Kwa bahati mbaya, mizunguko 50 inakaribiana mno na noti ya G ya chini kwenye besi, ambayo ni mizunguko 49, hivyo mngurumo husikika kama mpigaji wa pili asiyejua kutuni. Precision huukwepa kwa maumbile yake. Jazz huukwepa pikapu zote mbili zinapokuwa wazi kwa kiwango kimoja, lakini mpigaji akiipunguza moja ili apate ile sauti ya kusemea puani inayopendwa na wanaopiga noti nyingi, mngurumo hurudi, na mhudumu wa mitambo huanza kutazama nyaya zake zisizo na kosa.

Tofauti za mkononi husikika haraka zaidi kuliko za sikioni. Shingo ya Jazz huanza na upana wa milimita 38 hivi mahali nyuzi zinapotokea, ilhali shingo za Precision huwa kati ya 41 na 44; milimita hizo chache zinatosha kuufanya mkono mdogo uhisi kwamba gitaa moja linaushika na jingine linausukuma. Urefu wa uzi unaotetemeka katika yote mawili ni inchi 34, kama sentimita 86, wakati katika gitaa la kawaida la umeme ni sentimita 65 tu, na ndiyo sababu aliyehamia besi akitoka kwenye gitaa la solo hulalamikia kidole cha mwisho katika wiki za mwanzo. Lipo pia Höfner la Kijerumani, lenye umbo la fidla na lililopata umaarufu kwa Paul McCartney wa Uingereza. Hilo lina inchi 30 tu na tumbo lililo wazi ndani, kwa hiyo ni jepesi begani na sauti yake ni laini, inayozima mapema. Uzito nao si jambo la kupuuzwa. Gitaa la kilo nne halionekani zito dukani, lakini katika ibada inayoanza saa tatu asubuhi na kumalizika saa saba, ukanda mwembamba wa nailoni huacha alama begani, na wapigaji wengi hujifunza kusifu mahubiri marefu kwa sababu hiyo.

Mwaka 1976 kampuni ya Music Man, ambayo Fender alishiriki kuianzisha, ilitoa StingRay, gitaa lenye pikapu moja nene na saketi ya ndani inayotumia betri ya volti 9. Magitaa ya namna hiyo huitwa aktivu, kwa kuwa huweza kuongeza sauti za chini na za juu yenyewe badala ya kuzipunguza tu. Sauti yake hung'aa na kupiga kama kofi. Kasoro yake ni ile betri, ambayo haina desturi ya kuisha siku ya mazoezi.

Makanisa ndiyo yaliyoleta mtaani besi ya nyuzi tano. Uzi wa chini kabisa wa besi ya kawaida ni E, wenye mitetemo 41 kwa sekunde, na wapiga kinanda wa nyimbo za injili hupenda kupiga katika E bemoli au D bemoli, ambazo noti zake za msingi zinaanguka chini kidogo ya uzi huo. Mwenye nyuzi nne hulazimika kuzipiga oktava moja juu, na ukumbi hupungukiwa uzito palepale kwaya inapopanda. Uzi wa tano, B yenye mitetemo 31 hivi, huziba pengo hilo, ila hudai shingo pana zaidi, na katika magitaa ya bei nafuu mara nyingi hulegea na kutoa sauti ya tope isiyotambulika noti.

Kwa upande wa muziki wa kilimwengu, Komarock iko njiani kwa maana halisi. Barabara ya Kangundo inaelekea Tala na Kangundo, na huko si mbali na Kilimambogo, mlima uliompa Kakai Kilonzo jina la bendi yake, Kilimambogo Brothers, iliyopiga benga kwa Kikamba na Kiswahili. Benga, iliyokuzwa upande wa Ziwa Victoria na wanamuziki kama Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, ilihamishia kwenye magitaa ya umeme tabia ya nyatiti, kinubi cha Waluo cha nyuzi nane, ambacho mpigaji wake huchanganya wimbo na mdundo kwa mikono hiyohiyo. Besi ya benga haikai nyuma. Hugonga noti fupifupi, haraka, ikiambatana na ngoma ya mguu na kujibizana na gitaa la solo, na kwa hiyo inahitaji sauti inayoanza upesi na kukatika upesi. Sauti nene inayodumu, ambayo ingesifiwa sana dukani, hapa hugeuka ugali ulioiva nusu: noti moja haijaondoka, ya pili imeshafika.

Rumba ya Kiswahili iliyopigwa Nairobi ilikuwa na haja nyingine. Katika Les Wanyika, bendi iliyozaliwa mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, besi ilipigwa na Tom Malanga, na wimbo wao mashuhuri zaidi, Sina Makosa, unafundisha kuhusu sauti ya besi zaidi ya kitabu. Gitaa la rithimu linajaza nafasi zote za juu kwa mchezo usiokoma. Besi huingia kwa mafungu, huviringika, hunyamaza, kisha hurudi, na kimya hicho ndicho kinachomfanya mchezaji asubiri kiuno kikiwa hewani. Uchezaji wa namna hii unataka noti yenye duara, yenye katikati iliyojaa, isiyo na mlio wa chuma mwanzoni mwake. Anayeijaribu kwa nyuzi mpya zinazong'aa na gitaa aktivu lililoinuliwa sauti za juu atapata noti zote sawa na wimbo usiofanana.

Hapo ndipo ulinganishaji wa dukani unapowapotosha watu wengi. Mnunuzi akiwa peke yake, katika duka tulivu la katikati ya jiji, huvutiwa na gitaa lililoinuliwa sauti za chini na za juu na kupunguzwa za katikati, kwa sababu peke yake lina utamu. Likifikishwa kwenye ukumbi wenye paa la mabati, ngoma, kinanda na waimbaji wanane, sauti zake za chini humezwa na ngoma ya mguu, za juu humezwa na matoazi, na kilichobaki ni mwanamume anayetikisa vidole bila kusikika. Precision, ambalo dukani lilionekana butu na lisilo na maneno mengi, lina wingi wa sauti za katikati, na huko katikati ndiko sikio la binadamu linakoitambua noti. Sikio lina uwezo wa ajabu zaidi: spika ndogo isiyoweza kabisa kutoa mitetemo 41 ikitoa ile ya 82 na 123, ambayo ni vizidisho vyake, ubongo huijaza yenyewe ile ya chini. Kwa hiyo katika amplifaya ndogo, ambayo ndiyo makanisa mengi machanga yanaweza kumudu, gitaa bora ni lile lenye vizidisho vilivyo wazi, hata kama halina kishindo.

Nyuzi zenyewe huleta tofauti ambayo wengi huitafuta kwa kununua gitaa jipya. Zipo zilizozungushiwa waya wa duara, zenye mikwaruzo kidoleni na mlio mkali, na zipo zilizozungushiwa utepe bapa, laini kama mgongo wa kisu, zenye sauti nzito na ya zamani. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya santuri ya Motown, alitumia hizi za pili na alijulikana kwa kutozibadilisha. Seti moja ni ghali kwa mpigaji asiyelipwa, na ndiyo sababu ya ile desturi ya kuzichemsha: nyuzi zilizozimika huviringishwa, hutiwa kwenye sufuria ya maji yanayotokota kwa dakika kama kumi, mafuta na uchafu wa vidole huelea juu kama utando wa chai ya jana, kisha hufutwa na kukaushwa kabisa, na mng'ao hurudi kwa siku chache. Anayetaka kinyume chake hukata kipande cha sponji ya godoro, upana wa vidole viwili, na kukibana chini ya nyuzi karibu na daraja. Noti hufupika papo hapo, na gitaa la kisasa hukaribia sana besi ya santuri za zamani, kwa gharama ya shimo dogo kitandani.

Yabaki ukuta. Wimbi la noti ya E ya chini lina urefu wa mita nane na zaidi kidogo hewani, refu kuliko vyumba vingi vya Komarock, na ukuta wa mawe unaozuia maneno na sauti ya kinanda huliacha wimbi hilo lipite likiwa limepungua kidogo tu. Jirani hausikii wimbo, husikia mapigo yake matupu, jambo linaloudhi zaidi. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele ziliitaja pia mitetemo iliyopita kiasi, na mpiga besi ndiye mwanamuziki anayeweza kuvuka mipaka yote miwili kwa noti moja.

Mazoezi ya usiku, kwa hiyo, hufanywa bila amplifaya, na umeme ukikatika hakuna kinachopungua. Mpigaji hukaa ukingoni mwa kitanda na kuliegemeza gitaa hadi kichwa cha shingo kiguse mlango wa kabati la nguo. Mtetemo hupita kutoka kwenye mbao hadi kwenye mbao, kabati zima hugeuka kuwa spika, na noti zilizokuwa mnong'ono hutoka zikiwa na mwili. Kwa njia hiyohiyo hugunduliwa mahali pa shingo ambapo noti hufa upesi kuliko jirani zake, kasoro inayopatikana hata katika magitaa ya gharama, mara nyingi kwenye uzi mwembamba kabisa karibu na freti ya tano au ya sita, na ambayo dukani, chini ya kelele za wateja wengine, haikusikika.