Fedha za Kupanda Miti na Kazi ya Vikundi huko Kola

Vilima vya Kola, kusini ya mji wa Machakos, ni nchi ya mvua chache na mito ya mchanga. Mvua kubwa ikinyesha mto hufurika, na baada ya siku chache hukauka tena. Kwa hiyo atakaye kueleza matumizi ya fedha za kupanda miti mahali hapa hana budi kuanza na maji.

Katika mwaka 1978 jamaa kadhaa, wakiongozwa na Joshua Mukusya, waliunda kikundi cha Utooni. Walifuata desturi ya Wakamba iitwayo mwethya, yaani majirani kukusanyika na kufanya kazi pamoja. Walijenga kuta za mawe na saruji kukatiza mito. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki ndani ya mchanga huo, jua lisiweze kuyakausha. Karibu na maji hayo ndipo vitalu vya miche huwekwa.

Baadaye wafadhili wa ng'ambo walisaidia, kikiwamo chama cha Excellent Development kilichoanzishwa Uingereza mwaka 2002. Fedha zao zilinunua vitu visivyopatikana kijijini, kama saruji na vyuma; wenyeji walitoa mawe, mchanga na nguvu zao. Mtu asidhani kwamba huo ulikuwa ubahili. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio cha kuokoa udongo, na Muindi Mbingu akawaongoza watu hadi Nairobi kulalamika. Tangu hapo kazi ya ardhi iliyoletwa na ofisa ilitazamwa kwa shaka, na shaka hiyo ilikuwa na sababu. Kazi ambayo watu wameichagua wenyewe, wakaitolea jasho, haitiliwi shaka ya namna hiyo.

Lililo gumu ni hesabu. Mfadhili hupenda kusikia idadi ya miche iliyopandwa, lakini mkulima hutazama ile iliyopona kiangazi. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alilielewa jambo hili: wanawake walipewa malipo madogo kwa miche iliyoishi, si kwa mashimo yaliyochimbwa. Yafaa vikundi viombe fedha kwa namna hiyo, na sehemu yake iwekwe kwa kumwagilia maji na kuzungushia miba, maana mbuzi hawasomi mikataba.

Tena wakati ni jambo kubwa. Katika Ukambani mvua za kutegemewa zaidi ni zile za Oktoba hadi Desemba. Fedha zikifika Januari, kikundi kikalazimishwa kuzitumia upesi, miche hupandwa ili ife. Mti uitwao mukau, ambao mbao zake haziliwi ovyo na mchwa, huhitaji matayarisho ya mapema zaidi, kwa kuwa mbegu yake imo ndani ya kokwa gumu ambalo lazima lipasuliwe kwa uangalifu, nayo huota kwa shida.

Mwisho, ombi litaje miti itasimama katika shamba la nani, na nani atakuwa na haki ya kuikata. Neno hilo liandikwe na kutiwa sahihi mbele ya wanachama wote kabla ya mche wa kwanza kutolewa kitaluni, kwa sababu mukau ukifika umri wa kupasuliwa mbao una thamani, na ugomvi huanza siku hiyo.