Kinyonga Hapasuki Tumbo, Anatafuta Pa Kuchimba

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba kinyonga akifika siku ya kuzaa hupasuka tumbo akafa. Mimi mwenyewe niliingia mwaka wa pili wa udaktari wa mifugo nikiwa na hadithi hiyo kichwani. Kilichonitoa humo ni ujumbe wa sauti ulioingia kwenye simu yangu usiku mmoja wa wiki ya mitihani.

Alikuwa binti wa shangazi yangu anayeishi Uingereza. Kule wapo watu wanaofuga vinyonga ndani ya nyumba, na wake ni wa aina ya Yemeni, ambayo asili yake ni Yemeni na Saudi Arabia. Amempa jina la Bi Mkubwa. "Kaka, Bi Mkubwa hali tangu juzi. Anazungukazunguka chini tu, tumbo limejaa vinundu kama gololi. Na dume hajawahi kumwona! Ndo anataka kupasuka?"

Tuanze na hilo la dume. Jike wa aina hii ni kama kuku wa mayai: hutaga hata bila dume, ila mayai hayo hayaanguliwi. Mkupuo mmoja unaweza kuwa na mayai 20, 40, hata zaidi ya 60. Akilishwa kupita kiasi hutengeneza mengi zaidi, na mzigo huo ndio humchosha.

Sasa, kwa nini yakwame? Kinyonga huyu huishi mtini, lakini hatagi mtini. Hushuka chini, huchimba handaki kwenye udongo wenye unyevu, hutaga humo, kisha hufukia. Ukimfungia kwenye kizimba chenye sakafu ya plastiki, anaweza kuyazuia mayai siku baada ya siku mpaka nguvu zimwishie. Hicho ndicho chanzo ambacho mfugaji anaweza kukiondoa mwenyewe.

Chanzo kingine ni upungufu wa kalisi. Maganda ya mayai hula kalisi nyingi ya mama, na misuli ya kusukuma mayai nayo inaihitaji hiyohiyo. Ili mwili uitumie, lazima iwepo vitamini D, ambayo kinyonga huitengeneza kwenye ngozi kwa mionzi ya UVB. Kumweka dirishani "apate jua" hakusaidii, maana kioo huizuia mionzi hiyo. Ndiyo sababu wafugaji hutumia taa maalumu. Ongeza na ukosefu wa maji. Kisha kuna yale yasiyotibika nyumbani: yai kubwa mno, au lililokaa vibaya likaziba njia.

Msaada wa kwanza ni ndoo. Jaza mchanga safi wenye unyevu, kina kisipungue sentimita 30. Toboa shimo kwa kidole. Lisipoporomoka, mchanga uko sawa. Iweke ndani ya kizimba, egemeza tawi la kushukia, nyunyizia majani maji ili anywe, kisha funika kizimba kwa shuka na uondoke. Akikuona unachungulia, huliacha shimo. Anaweza kuchimba siku nzima na kulala humohumo, kwa hiyo subira inatakiwa.

La kutofanya: usimminye tumbo, hata kidogo. Mayai yake ni laini, na yakipasukia ndani anaweza kufa. Wala usimpe dawa ya binadamu.

Lakini subira ina mwisho wake. Ukiona amefumba macho mchana, macho yamezama, mshiko wa miguu umelegea, anasukuma na hakuna kinachotoka, ametaga machache akaacha na tumbo bado limejaa, au siku ya pili ya kuchimba imefika bila yai, mpeleke kwa daktari anayejua reptilia. Atampiga picha ya eksirei, atampa maji na kalisi, na kama njia iko wazi huenda akampa oksitosini ya kusukuma. Njia ikiwa imeziba, ni upasuaji. Ukimchoma sindano hiyo kwa kubahatisha na yai limeziba njia, mirija ya mayai inaweza kupasuka kweli. Yaani hadithi yetu ya utotoni itatimia, na aliyeitimiza ni mtu.

Bi Mkubwa alipata ndoo yake usiku uleule. Kesho yake akachimba, dada akachungulia ili anitumie video, shimo likaachwa. Siku iliyofuata alifunikwa vizuri, akachimba tena, lakini jioni alionekana amelala juu ya mchanga, macho yamefumba. Nikasema, "Ngoja hadi asubuhi." Nilikosea. Nilikuwa na mtihani, nikamjibu harakaharaka. Bahati dada hakunisikiliza, akampeleka usiku huohuo. Njia ilikuwa wazi. Alichokosa ni maji na kalisi. Kesho yake alitaga mayai 43 ndani ya ndoo, akatoka amekonda kama kijiti, akala nyenje wawili.

Wasomi wenzangu, hapa chuoni hatufugi vinyonga, na hata ukitaka, huyo ni mnyamapori, kumfuga kunahitaji kibali. Ila mvua zikilainisha udongo unaweza kumkuta jike mnene anatambaa chini karibu na hosteli. Wengine hukimbia, wengine huokota mawe. Hana mkosi wowote. Wapo wanaozaa watoto hai, kama yule wa pembe tatu wa milima ya Kenya, na hao pia hawapasuki. Wengi wa huku, lakini, hutaga ardhini, na anachotafuta huyo ni udongo laini tu. Mpishe achimbe.