Ruth Barnes, msomi wa matambara

Jumba la makumbusho la Ashmolean, mjini Oxford, lina vipande zaidi ya 1,200 vya nguo za pamba zilizochakaa. Mtaalamu wa mambo ya kale Percy Newberry alivikusanya Misri mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini nguo zenyewe zilipigwa chapa India, nyingi huko Gujarat.

Aliyevipa sauti ni Ruth Barnes. Usomi wake ulianzia Lamalera, kijiji cha wavuvi wa nyangumi nchini Indonesia, alikochunguza wanawake wanavyofunga nyuzi na kuzitia rangi kabla ya kufuma. Huko alikuta patola, hariri za Gujarat, zikitunzwa kama hazina za ukoo.

Kisha akavigeukia vipande vya Newberry, akavichambua uzi, rangi na nakshi. Katalogi yake ilitoka mwaka 1997. Upimaji wa kaboni ulibainisha kuwa baadhi vina umri wa miaka ipatayo elfu moja.

Ufundi wa nguo hizo ni wa kustaajabisha. Pamba haishiki rangi kwa urahisi, hivyo fundi aligonga kwa chapa ya mbao shabu palipotakiwa wekundu, na maji ya chuma palipotakiwa weusi. Nguo ikatumbukizwa katika rangi moja, na kila dawa ikatoa rangi yake. Kabla ya kuchovya katika nili, alifunika sehemu za kubaki nyeupe. Mafundi wa ajrak, nguo za kupigwa chapa, huko Kutch, Gujarat, wanaendeleza kazi hiyo hadi leo.

Hizi hazikuwa nguo za wafalme. Zilivaliwa, zikashonwa upya, zikatupwa. Zilizobaki nyumbani India zilimalizwa na unyevu na wadudu. Zilizofika Misri zikahifadhiwa na mchanga wake mkavu. Bila mtu wa kuyathamini matambara, historia ya mafundi hao ingebaki pengo.

Pwani yetu imo katika historia hiyo. Vitambaa vya Gujarat vilifika Kilwa na Mombasa kwa pepo za kaskazi, lakini joto na unyevu wa pwani havikuviacha vidumu. Mwaka 2005 Barnes alihariri kitabu kuhusu nguo katika jamii za Bahari ya Hindi, na kofia za Zanzibar zimepewa sura yake humo. Vyuo vikuu vyetu navyo viwape vijana nafasi ya kujenga usomi wao juu ya kofia, kikoi na kaniki, wakati washonaji na wafumaji wangali hai wa kuulizwa.