Hukumu ya Kuzuru Makanisa ya Kale: Mfano wa Upareni

Katika milima ya Upare, wilayani Same, vipo vituo vya kale vya wamisionari. Waadventista Wasabato kutoka Ujerumani walifika mwaka 1903 na kuanzisha misheni ya Giti, waliyoiita Friedenstal. Walutheri wa Leipzig nao walikuwa na kituo Mbaga. Kwa kuwa aghlabu ukoo mmoja wa Kipare una Waislamu na Wakristo, swali huulizwa: je, yafaa Muislamu kuingia humo ili ajue historia?

Maulamaa wamekhitalifiana. Mahanafi wamekirihisha. Baadhi ya Mashafii wameshurutisha idhini ya wenyewe, na wapo waliokataza palipo na picha. Ibn Qudama, Mhanbali, katika Al-Mughni ameruhusu hata kuswali ndani ya kanisa safi. Imamu Bukhari naye ametaja kuwa Umar (r.a.) alijizuia kuingia kwa sababu ya picha, na kuwa Ibn Abbas (r.a.) akiswali humo ila palipo na sanamu.

Ndugu msomaji, hapa inadhihiri kuwa illa si mawe wala mabati, bali ni picha zinazotukuzwa na ibada isiyokuwa ya Allah. Basi mwenye kualikwa na mjomba wake Mkristo kutazama jengo la mababu, aingie kwa idhini, nje ya wakati wa ibada, wala asishiriki ibada yoyote. Na akiona bora kujizuia, akatae kwa upole. Suratu Luqman (31:15) imeamrisha kukaa kwa wema na wazazi washirikina bila kuwatii katika shirki, seuze mjomba.

Wallahu a'lam.